Mandazi Hupita Pale Nyama Inapokwama

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hugundua jambo moja mapema sana, nalo humshangaza hata kama alikuwa ameelezwa: mfuko wake mpya wa chakula husumbuana na vyakula vinavyomfaa, huku ukivipokea kwa urahisi vile vinavyomrudisha alikotoka. Kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokauka kidogo, kikimezwa kabla ya kutafunwa sawasawa, hukwama chini ya kifua mpaka machozi yakatoka. Andazi lililochovywa kwenye chai halikwami. Hulainika, huteleza, hupita, na baada ya muda mfupi mfuko una nafasi ya andazi jingine. Biskuti ni vivyo hivyo, krispi zikishalainishwa na mate ni vivyo hivyo, na aiskrimu haihitaji hata kutafunwa. Upasuaji humlinda mtu dhidi ya sahani iliyojaa, lakini haumlindi hata kidogo dhidi ya vitu vidogo, laini, vitamu au vyenye chumvi, vinavyoliwa kidogo kidogo kutwa nzima. Hapo ndipo uzito hupata njia ya kurudi, na hapo ndipo hamu ya kula inapopaswa kuzuiwa.

Nilifanyiwa upasuaji huo Nairobi, lakini maisha yangu yote yako Kisumu, ambako ninafundisha katika shule ya upili, na kwetu ni Vihiga, ambako hatukai sana bila kwenda kwa sababu ya harusi, matanga au mkutano wa ukoo. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa huku ambao wamekwisha kupasuliwa au wanajiandaa kupasuliwa. Karatasi za ushauri tunazopewa kliniki ni nzuri, na mtu asizitupe, ila nyingi zinamzungumzia mtu anayejipikia peke yake, anayekula peke yake, na anayeweza kukataa chakula bila yeyote kukasirika. Mtu huyo haishi Magharibi mwa Kenya.

Ni vyema kwanza nieleze kilichobadilika mwilini, kwa sababu hamu haieleweki bila kuyajua hayo. Aina ya upasuaji niliofanyiwa mimi huacha kifuko kidogo cha juu kinachobeba takribani mililita 30, kisha daktari hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kisipite katika sehemu kubwa ya tumbo wala katika mwanzo wa utumbo huo. Katika aina ya pili, ambayo siku hizi ndiyo hufanywa zaidi duniani, daktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Watu wengi hudhani kwamba kazi yote hufanywa na udogo wa tumbo, na kumbe homoni nazo zina sehemu kubwa. Sehemu ya juu ya tumbo ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka wa 1999, ambayo huuchochea ubongo kudai chakula. Sehemu hiyo ikiondolewa, kiwango cha homoni hiyo hushuka. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina yangu, homoni za utumboni zinazouambia ubongo kwamba mtu ameshiba hupanda baada ya mlo kuliko zilivyokuwa zikipanda zamani. Kwa hiyo miezi ya mwanzo huwa na utulivu ambao mtu aliyeishi na unene kwa miaka mingi hajawahi kuujua. Hupita mbele ya karai la chipsi asijali, na mara nyingine hulazimika kukumbushwa kula.

Utulivu huo haudumu. Kwa wengi njaa hurudi polepole, mara nyingi mwaka wa kwanza ukielekea wa pili, na vitu vitamu ambavyo mwanzoni vilikuwa vitamu kupita kiasi huanza tena kuwa na ladha ile ya zamani. Hili ndilo ninalotamani kila mgonjwa aambiwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani: ile miezi ya utulivu ndiyo muda wa kupanga saa za mlo, njia ya kurudi kutoka kazini na vitu vinavyowekwa kabatini, kwa sababu hamu ikisharudi, mtu atakuwa akiyapanga hayo huku akibishana nayo, na mara nyingi atashindwa.

Wapo wanaotegemea adhabu ya mwili iwazuie. Kwa tuliofanyiwa upasuaji wa kupitisha chakula kando, sukari nyingi ikimwagika utumboni kwa kasi huvuta maji kutoka mwilini, na katika muda wa nusu saa hivi mtu hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota, na pengine akahara. Kuna awamu nyingine inayokuja baina ya saa moja na saa tatu baada ya kula, ambapo sukari ya damu iliyopanda ghafla huufanya mwili utoe insulini nyingi, kisha sukari hushuka kupita kiasi, na mtu hutetemeka, huishiwa nguvu na kushikwa na njaa kali. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari au zaidi, na hiyo inatosha kuyaanzisha hayo yote. Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba hofu ya hali hiyo ndiyo ngao yao. Mimi siitegemei. Si kila mtu hupatwa nayo, wengi huona ikipungua kadiri miaka inavyopita, na krispi au bhajia, ambazo hazina sukari nyingi, zaweza kuliwa pakiti nzima bila jasho hata tone. Isitoshe, ile awamu ya pili huzaa hamu mpya. Anayekunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari saa nne asubuhi na kutetemeka saa sita, atatafuta kitu kitamu saa hiyo hiyo ya sita, na mzunguko huo waweza kumchukua mpaka usiku.

Kinachonisaidia zaidi ni kufika kwenye saa za hamu nikiwa nimekula protini. Wataalamu wa lishe hutuambia tufikishe gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kwa kifuko kidogo hiyo ni kazi inayohitaji mpango. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa kina gramu 8, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zina protini inayozidi gramu 20. Omena, yaani dagaa wa ziwani, iliyokaushwa ina protini karibu nusu ya uzito wake, na kwa maoni yangu mkazi wa Kisumu aliyekwisha kuvuka zile wiki za mwanzo za vinywaji na vyakula vilivyopondwa hana haja ya kujifilisi kwa makopo ya unga wa protini yanayotoka ng'ambo. Omena yangu huichambua vichwa, nikaiosha kwa maji ya moto, kisha nikaipika kwa kitunguu na nyanya nyingi mpaka ilainike kabisa, kwa kuwa ile iliyokaangwa ikakauka hunikwama. Huila kwa kijiko kidogo, polepole, na mboga kidogo ya osuga, yaani mnavu, au kunde pembeni. Baada ya mlo kama huo, hamu ikija, huja ikiwa dhaifu.

Hiyo omena pia ndiyo kipimo changu. Nikihisi kutaka kula, hujiuliza kama ningekubali bakuli dogo la omena au yai la kuchemsha. Nikiona kwamba ningelila kwa furaha, basi nina njaa, nami hula bila kujilaumu, kwa sababu njaa ni haki ya mwili. Nikiona kwamba hapana, yai sitaki, ninataka chipsi tu, tena zile za mahali fulani, zenye chumvi na siki, basi mwili wangu haudai chakula. Hamu ya namna hiyo huwa na mahali pake, saa yake na harufu yake, na mtu akishavijua hivyo vitatu amepata pa kuanzia.

Kwangu mimi, saa ni saa nne na mahali ni chumba cha walimu. Mandazi huletwa katika ndoo nyeupe ya plastiki iliyofunikwa kwa kitambaa. Mama anayeyapika hutia iliki, na kitambaa kikifunuliwa chumba kizima hunukia. Mwalimu anayekaa karibu nami hulivunja andazi katikati, akachovya nusu yake kwenye kikombe, akangoja chai ipande kwenye unga, kisha akaliinamia ili lisidondokee madaftari ya wanafunzi. Nimeliona tendo hilo kwa miaka mingi kiasi kwamba mate hunijaa kabla ndoo haijafika, na hata wakati wa likizo, nikiwa nyumbani ambako hakuna ndoo wala kitambaa, saa nne ikigonga kinywa hudai haki yake.

Kwa hiyo siachi saa nne inikute na tumbo tupu. Ratiba yangu ina nafasi kabla ya kipindi cha tatu, na hapo ndipo ninapokula yai langu na vijiko vichache vya ndengu au maharagwe yaliyoiva sana. Mapumziko yakifika, karibu nusu saa imepita, na ninaruhusiwa kunywa. Watu wengi huichukulia kanuni hii ya kutokunywa pamoja na chakula, na kungoja kama dakika 30 baada ya kula, kuwa ni usumbufu tu wa madaktari, ilhali ndiyo inayoeleza hatari ya mandazi kuliko maelezo mengine yote. Kinywaji hukisukuma chakula nje ya kifuko upesi, na mtu hukosa ile hisia ya kushiba aliyoilipia kwa kisu. Andazi lililochovywa ni chakula na kinywaji katika tonge moja. Lingekuwa ni andazi kavu, linalotafunwa mpaka mwisho bila chai, wengi wetu tungechoka kabla ya kulimaliza.

Nimehama kiti pia. Nilikuwa nikikaa karibu na meza ya ndoo, sasa ninakaa upande wa dirishani na kikombe changu cha chai ya tangawizi isiyo na sukari. Niliwaeleza walimu wenzangu kwa ufupi kwamba nimefanyiwa upasuaji na kwamba nikikataa andazi sijamkataa mtu. Baadhi yao waliendelea kunisukumia sahani kwa upendo, lakini sasa hata mama wa mandazi huniletea yai lililochemshwa siku ambazo amechemsha ya kuuza, nami humlipa. Wengine huficha upasuaji huu kwa sababu wanaogopa kuambiwa kwamba walitafuta njia ya mkato. Ninawaelewa, lakini kwa uzoefu wangu siri hiyo huwafanya wale watu wasioelewa kinachoendelea wawe ndio wanaokupakulia.

Jioni mahali pa hamu ni barabarani. Yeyote anayeijua Kondele ya hapa Kisumu anajua inavyokuwa magari yanapoanza kujaa abiria wa kurudi nyumbani: jiko la makaa hapa, karai la chipsi pale, mutura juu ya wavu, na vile vigari vya smoki, zile soseji za moshi, kila baada ya hatua chache. Nilipokuwa na nguvu nilipita hapo na kununua matunda tu. Siku ya kuchoka, nguvu hizo hazipo, na kwa hiyo nilikubaliana na mwendeshaji wa boda boda anayenibeba kwamba tutumie njia nyingine hata kama nauli inaongezeka kidogo. Ninaiona nauli hiyo kama sehemu ya gharama ya matibabu yangu. Siku ambayo sina budi kupita Kondele, nimejifunza kukitazama kile kigari cha smoki kwa jicho jingine, kwa sababu muuzaji yule yule huwa na mayai ya kuchemsha. Humwomba yai pasua na kachumbari nyingi, pilipili kidogo, bila smoki. Ninasimama pale pale na wateja wengine, ninakula kilicho cha moto na chenye ladha, na harufu ya mtaa ninaipata kama kawaida. Sijawahi kuona sababu ya mtu aliyefanyiwa upasuaji kufukuzwa kwenye raha zote za mji wake. Tukienda Dunga na watoto kula samaki mbele ya ziwa, mimi huagiza wangu apikwe kwa mchuzi, nikaanza na minofu ya mgongoni, na ugali nikauacha mpaka mwisho, ambapo mara nyingi nafasi huwa imekwisha.

Huko Vihiga ndiko mambo yalikokuwa magumu. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, ugali huletwa ukiwa mlima, na mtu ambaye hakula ugali huhesabiwa kuwa hakula. Tena mtu aliyekonda kwa kasi huzungumziwa. Tumezika watu wengi sana katika miaka ya ukimwi, na wazee waliowaona watoto wao wakikonda mpaka wakafa hawawezi kulitazama shavu lililoingia ndani bila kuogopa. Nilipokwenda kwa mara ya kwanza nikiwa nimepungua, niliona namna nilivyotazamwa, na niliona pia kwamba kila mtu aliyenipakulia alikuwa akijaribu kuniokoa. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kwa hiyo nilimweleza shangazi yangu mkubwa mbele ya wengine, nikijua kwamba akishaelewa yeye, ukoo mzima utakuwa umeelewa.

"Mwanangu, mbona unakichezea chakula?" aliniuliza, akiutazama mkono wangu.

"Shangazi, daktari alinipunguza tumbo kwa sababu ya sukari na presha. Limebaki dogo sana. Nikianza na ugali, kuku wako atakosa pa kukaa."

Alinyamaza kidogo, akaisogeza sahani ya kuku mbele yangu na ile ya ugali akaipeleka upande wa wajukuu. "Basi anza na kuku. Ugali hautaisha."

Tangu hapo, yeye ndiye huwajibu wanaoniuliza. Nimewapendekezea wenzangu wengi njia hii ya kumtafuta mtu mzima mmoja anayeheshimiwa, kwa kuwa maneno yake huzuia sahani kumi ambazo sisi wenyewe tusingeweza kuzikataa bila kuonekana tuna maringo. Mandazi na keki tunazofungiwa wakati wa kuondoka ninazipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kuzikataa ni kumwaibisha mwenyeji, lakini mfuko huo siuweki mapajani. Safari ya kutoka Luanda ya Vihiga kupita Maseno mpaka Kisumu ni fupi, nayo inatosha kabisa kumaliza mfuko wa mandazi. Mume wangu huubeba, na watoto hugawiwa tukifika.

Matangani kuna shida ya aina yake. Chai hupikwa kwenye sufuria kubwa na sukari hutiwa humo humo, hivyo hakuna chai isiyo na sukari ya kuomba, na usiku wa kukesha huwa ni baridi, huzuni na mkate mweupe. Mimi hubeba chupa yangu ya chai, na maziwa lala katika chombo kingine. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa ubaya. Msibani watu wana mengi ya kufikiria.

Kuna hamu moja ambayo haikuwa ya chakula, na ninaomba kila mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huu aisome sehemu hii kwa makini. Sokoni Kibuye akina mama huuza odowa, yale mawe laini ya udongo, katika mafungu madogo juu ya gunia, na wanunuzi wao wengi ni wanawake wajawazito. Mimi sikuwahi kuila hata nilipokuwa na mimba. Lakini muda fulani baada ya upasuaji, nikipita pale, harufu ile ya vumbi lililoguswa na mvua ilianza kunisimamisha. Nilitamani kulisikia jiwe hilo likivunjika menoni. Nilitamani na barafu pia, na nilikuwa nikichoka nikipanda ngazi za ghorofa moja tu. Sikuinunua odowa, nilikwenda kupimwa damu, na chuma kilikuwa chini sana.

Hamu ya kula udongo, mawe au barafu mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na sisi tuliofanyiwa upasuaji wa aina hii tuko katika hatari kubwa, kwa sababu chuma hufyonzwa zaidi katika mwanzo wa utumbo mwembamba, sehemu ambayo chakula chetu hakiipitii tena, na asidi ya tumbo inayosaidia kazi hiyo imepungua. Kwa mwanamke anayepata hedhi hatari hiyo ni kubwa zaidi. Odowa nayo haitibu chochote. Udongo waweza kukizuia chuma kufyonzwa na waweza kuleta minyoo. Nilipewa dawa ya chuma, na hamu ile ilififia kabla hata sijarudi kliniki kupimwa tena. Hapa tena chai huingia katika habari, kwa maana majani ya chai hukizuia chuma, na kalsiamu ya maziwa hukizuia pia, kwa hiyo dawa ya chuma haifai kumezwa pamoja na chai ya maziwa wala pamoja na vidonge vya kalsiamu. Mimi huimeza mbali na vyote viwili, pamoja na kipande cha chungwa. Chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu tutavitumia maisha yetu yote, na damu yetu inahitaji kupimwa angalau kila mwaka. Yeyote anayejiona dhaifu kwa sababu anatamani kitu cha ajabu, apimwe kwanza kabla hajajihukumu.

Hamu za usiku zina mizizi mingine. Mwisho wa muhula, nikisahihisha mitihani mpaka usiku wa manane, hutamani soda kuliko wakati mwingine wowote. Baadhi ya tafiti zinaonyesha kwamba usingizi mchache waweza kuongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya kushiba. Lakini ninaamini soda ina jambo zaidi. Tulipokuwa watoto kijijini, soda haikuwa kinywaji cha kila siku. Uliipata ulipougua, ulipofaulu mtihani, au mgeni mkubwa alipokuja. Mama yangu alikuwa akiifungua kwa meno, akaimimina kwenye kikombe cha bati, akakaa kitandani mpaka niimalize. Nikichoka sana au nikihuzunika, ninachokitamani katika chupa hiyo ni kukaliwa na mtu kitandani, na chupa haiwezi kunipa hicho. Kwa hiyo usiku kama huo hufunga karatasi za mitihani na kumwamsha mume wangu, au humpigia simu dada yangu, ambaye hulala kwa kuchelewa. Tunaongea mambo ya kawaida tu. Mara nyingi hamu huwa imepita kabla ya mazungumzo kwisha.

Pombe ninaitaja kwa ufupi kwa sababu kwetu busaa na bia haziko mbali na sherehe yoyote. Baada ya upasuaji wa aina yangu pombe huingia katika damu kwa kasi zaidi, na hatari ya kuitegemea huongezeka miaka inavyosonga, hata kwa watu ambao hapo zamani hawakuwa na shida nayo. Mtu aliyezoea kutulizwa na chakula, akinyimwa chakula, aweza kutulizwa na glasi. Afadhali tusianze.

Nyumbani sikupiga marufuku mandazi wala chapati, kwa kuwa watoto wangu hawakufanyiwa upasuaji na sitaki wakue wakidhani chakula ni adui. Nilichokiondoa ni akiba. Hakuna pakiti ya biskuti kabatini, hakuna krispi za kesho, hakuna mkebe wa kaimati juu ya jokofu. Chapati zikipikwa Jumapili, hupikwa za kuliwa Jumapili, na zinazobaki hupelekwa kwa jirani kabla vyombo havijaoshwa. Mume wangu alipinga kidogo mwanzoni, akisema nyumba isiyo na kitafunio humkosea mgeni heshima, kisha tukaafikiana kwamba njugu karanga za kuchemsha zitakuwepo daima, na kwamba mgeni ataandaliwa mayai.

Krismasi hii tutakuwa Vihiga kwa siku kadhaa, nyumba ikiwa imejaa, na nimekwisha kuongea na wifi yangu ambaye ndiye husimamia jikoni. Nimemwomba atenge chai kidogo kabla ya kutia sukari, na kuku wangu achemshwe mpaka alegee. Amekubali, kisha akaniuliza namna ninavyoipika omena yangu, kwa sababu kaka yangu naye ameambiwa mwezi uliopita kwamba sukari yake imepanda, na hataki kusikia habari ya mlo wa wagonjwa. Nimemwahidi kwamba nitaibeba kilo mbili kutoka Kisumu, na kwamba nitakaa karibu na kaka mezani.